Mgonjwa aelezwe kiungulia kabla ya kutia sahihi

Siku hizi si ajabu kumsikia Mkenya akisema kwamba jirani yake, au mfanyakazi mwenzake, "amepunguzwa tumbo". Upasuaji wa kupunguza unene, ambao zamani tulizoea kuusoma katika habari za ng'ambo tu, sasa hufanywa katika hospitali za kibinafsi jijini Nairobi, na wenye uwezo wa kuugharamia huuendea. Jamaa huwapongeza, nguo hubadilishwa, na picha za kabla na baada huonyeshwa kila mahali. Lisilosemwa sana ni kwamba baadhi ya watu hao, wakiisha kupungua, huanza maisha mapya ya kulala wameketi, kwa sababu kila wanapojilaza uchachu huwapanda kifuani hadi kooni. Hicho ndicho kiungulia, na ndicho ninachokusudia kukijadili leo.

Inafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba siupingi upasuaji wenyewe. Unene wa kupindukia ni maradhi, wala si uvivu au ulafi kama wanavyodhani wengi. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi au unene wa kupindukia. Nchini Uswidi, watafiti walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu wanene zaidi ya 4,000, waliopasuliwa na wasiopasuliwa, na mwaka 2007 walitangaza kwamba vifo vilikuwa vichache zaidi miongoni mwa waliopasuliwa. Wengi wenye ugonjwa wa kisukari hupata nafuu kubwa baada ya upasuaji huu. Kwa hivyo si haki kumcheka wala kumlaumu anayeuchagua.

Ninachodai ni kimoja: kwamba kabla ya mgonjwa kutia sahihi, aelezwe kinaganaga na kwa lugha anayoielewa kuwa aina moja ya upasuaji huu huleta kiungulia kwa watu wengi, na kwamba ipo aina nyingine anayoweza kuichagua. Mimi ni mtu wa isimu, si tabibu. Nimezisoma ripoti za madaktari kama awezavyo kuzisoma mtu yeyote, na jambo hili ninaliingilia kwa mlango wa lugha kwa kuwa ninaamini kwamba tatizo linaanzia hapo.

Tuanze na neno "tumbo". Katika Kiswahili neno hili hubeba mizigo mingi. Tumbo ni kitambi kinachoonekana kwa nje. Tumbo ni kile kiungo cha ndani kinachopokea chakula na kukisaga. Tumbo ni maradhi pia, kama mtu anaposema kwamba tumbo linamwendesha. Basi tukiambiwa kuwa fulani amepunguzwa tumbo, hatuna njia ya kujua ni lipi. Yawezekana amefyonzwa mafuta yaliyo chini ya ngozi, na katika shughuli hiyo kiungo cha kupokea chakula hakikuguswa kamwe. Yawezekana kiungo chenyewe ndicho kilichokatwa, sehemu yake kubwa ikaondolewa na isirudi tena. Na yawezekana kiungo hicho kiligawanywa, kisha chakula kikatengenezewa njia mpya. Haya ni mambo matatu tofauti kabisa, yenye faida tofauti na hatari tofauti, lakini mtaani yote yanavishwa kanzu moja. Mtu anayemwiga jirani yake bila kuuliza huenda akapata kitu ambacho jirani hakufanyiwa.

Mawili ya mwisho ndiyo yanayotuhusu. Katika aina ya kwanza, daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo na kuacha bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Waingereza huliita bomba hilo kwa jina la mkono wa shati. Tukilitafsiri jina hilo neno kwa neno tutapata "mkono wa tumbo", na msikilizaji atabaki akikuna kichwa. Afadhali tuseme wazi kwamba ni upasuaji wa kulikata tumbo likabaki kama ndizi. Katika aina ya pili, daktari hutenga kifuko kidogo sana juu ya tumbo, kisha huuvuta utumbo mwembamba na kuuunganisha na kifuko hicho, ili chakula kisipite katika tumbo lililosalia. Upasuaji huu una asili yake katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ambako Edward Mason na Chikashi Ito waliuanzisha katika miaka ya 1960. Wakazi wa Nairobi wanaozijua barabara za baipasi, zilizojengwa ili magari yasilazimike kupita katikati ya jiji, hawatapata taabu kuelewa tukiuita baipasi ya tumbo.

Sasa, kiungulia hutoka wapi? Chakula tunachokimeza hupita katika mrija uitwao umio, ambao huteremka kifuani, ukapenya kwenye kiwambo, yaani ule msuli unaotenganisha kifua na fumbatio, kisha ukaingia tumboni. Pale unapoingia pana misuli inayobana mfano wa kilango, na pana kona kali ambayo husaidia kukizuia kilichomo tumboni kisirudi juu. Tumbo lenyewe lina asidi kali, na ukuta wake umeumbwa kuistahimili. Umio haukuumbwa hivyo. Asidi ikipanda huko, huunguza.

Tumbo la kawaida lina sehemu ya juu iliyo laini ambayo hutanuka chakula kinapoingia, kama kiriba kinachopokea maji polepole. Upasuaji wa ndizi huiondoa sehemu hiyo. Kinachobaki ni bomba lisilotanuka sana, na shinikizo ndani yake huwa kubwa. Isitoshe, ile kona huharibika, baadhi ya nyuzi za misuli inayokisaidia kilango hukatwa, na pengine bomba hujikunja au hubana katikati. Chembe zinazotengeneza asidi bado zimo katika sehemu iliyosalia. Asidi ikikosa nafasi chini, hupanda. Iwapo mtu alikuwa na ngiri ya kiwambo ambayo haikurekebishwa, hali huwa mbaya zaidi. Katika baipasi ya tumbo, kwa upande mwingine, kile kifuko cha juu hutoa asidi kidogo tu, nayo nyongo huwa imeelekezwa mbali. Ndiyo maana mara nyingi baipasi huwapunguzia watu kiungulia badala ya kuwaongezea.

Haya si maneno ya kubuni. Nchini Finland, watu 240 walipasuliwa kati ya mwaka 2008 na 2010, nusu yao hivi kwa njia ya ndizi na waliobaki kwa njia ya baipasi. Matokeo ya miaka kumi yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba asilimia 31 ya waliofanyiwa upasuaji wa ndizi walikuwa na uvimbe na michubuko katika umio, ikilinganishwa na asilimia 7 ya waliofanyiwa baipasi. Nchini Uswisi, utafiti wa watu 217 uliochapishwa mwaka 2018 ulipata kwamba miongoni mwa wale ambao hawakuwa na tatizo hili kabla ya upasuaji, asilimia 31.6 ya kundi la ndizi walikuwa nalo baada ya miaka mitano. Katika kundi la baipasi walikuwa asilimia 10.7. Kwa maneno mengine, takriban mtu mmoja katika kila watatu aliingia chumba cha upasuaji bila kiungulia na baadaye akawa nacho.

Ni lazima nitoe haki kwa pande zote. Upasuaji wa ndizi ni mwepesi zaidi kuufanya, na hauhitaji kuunganisha utumbo upya. Baipasi nayo ina matatizo yake: vidonda kwenye kiungio, utumbo kujisokota ndani, kizunguzungu na jasho mtu alapo vitu vitamu, na upungufu mkubwa zaidi wa vitamini na madini. Daktari anaweza kuwa na sababu njema za kumshauri mgonjwa fulani achague ndizi. Lakini kuchagua ni kuwa na mbili mezani na kuzijua zote. Anayeonyeshwa moja tu hajachagua, amechaguliwa.

Shemeji yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alikatwa tumbo kwa njia ya ndizi katika hospitali moja ya kibinafsi. Alikuwa na kiungulia kwa miaka mingi hata kabla ya hapo. Mkobani mwake hamkukosa tembe za kutuliza asidi. Miezi kadhaa baada ya upasuaji alinijia na fomu aliyoitia sahihi, akasema, "Shemeji, hebu nisomee hapa. Nilitia sahihi lakini sikuelewa." Ilikuwa fomu ndefu ya Kiingereza. Tatizo lililokuwa likimnyima usingizi lilikuwa limetajwa mle mara moja, kwa istilahi yenye asili ya Kigiriki na Kilatini, katikati ya orodha ya mengine mengi. Kwa mdomo aliambiwa, "Utasikia kiungulia kidogo, mama. Ni kawaida." Hakuna aliyemuuliza kama alikuwa nacho tayari. Wakati huo alikuwa akilala kwenye kiti cha sebuleni.

Msomaji atambue kwamba huyu ni mwalimu. Kiingereza anakijua na amekifundisha. Kujua Kiingereza cha darasani si kujua Kiingereza cha chumba cha upasuaji. Ikiwa mwalimu alipotea katika fomu hiyo, mama mboga wa Gikomba au mkulima wa Kwale aliyechangiwa na wanawe apate matibabu atafanyaje?

Hapa ndipo ninapotaka wanafunzi na walimu wa Kiswahili wanisikilize kwa makini, kwa sababu wapo wanaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuyaeleza mambo haya. Madai hayo hayana msingi. Neno "kiungulia" limejengwa kwa kitenzi "ungua", na kila Mswahili husikia moto ndani yake. Jina la kawaida la Kiingereza huyapeleka maumivu hayo moyoni, ingawa moyo hauhusiki. Jina letu haliutaji moyo. Tena tuna kitenzi "cheua", kinachotaja tendo la kurudisha juu kilichokwisha kumezwa, kama afanyavyo ng'ombe. Basi tunayo maneno mawili kwa mambo mawili: kucheua ni tendo la kupanda kwa kilichomo tumboni, na kiungulia ni hisia ya kuungua inayofuata.

Tofauti hiyo si ya kuwafurahisha wanaisimu tu. Baadhi ya watu waliokatwa tumbo hucheua asidi usiku kucha bila kuhisi kiungulia chochote. Umio wao huchubuka kimyakimya. Asidi ikiendelea kuuchoma kwa miaka, ngozi yake ya ndani inaweza kubadilika umbile, badiliko ambalo hubeba jina la mpasuaji Norman Barrett, na ambalo kwa watu wachache hutangulia saratani. Katika utafiti ule wa Finland, badiliko hilo lilionekana kwa asilimia 4 ya watu katika kila kundi. Si wengi, na hakuna haja ya kutishana. Lakini mgonjwa anayeambiwa tu kwamba "utasikia kiungulia kidogo" atadhani kuwa asiposikia kitu yu salama, na hatarudi kuangaliwa. Chama cha kimataifa cha wapasuaji wa unene kilipendekeza mwaka 2020 kwamba aliyefanyiwa upasuaji wa ndizi apitishwe kamera nyembamba kooni mwaka mmoja baadaye, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, hata kama hana dalili. Ushauri huo hauna maana kwa mtu asiyejua kwamba kucheua na kuungua si kitu kimoja.

Lipo tatizo jingine la neno lenyewe. Kiungulia ni neno la nyumbani, na kwa hivyo hudharauliwa. Mama mjamzito akikilalamikia huambiwa kwamba mtoto ana nywele nyingi. Mzee akikilalamikia huambiwa aache maharagwe, anywe maziwa baridi au alambe magadi. Sote tumekipata na kimepita. Daktari anapolitumia neno hilo bila kulieleza, mgonjwa huchukua maana ya nyumbani: kitu cha saa moja baada ya karamu. Hawazii kitu cha kila usiku, cha kumeza dawa kwa miaka, na pengine cha kurudishwa chumba cha upasuaji ili ndizi igeuzwe kuwa baipasi. Kulitumia neno jepesi kwa jambo zito ni njia mojawapo ya kuficha, hata kama asemaye hakukusudia.

Sheria za nchi ziko upande wa mgonjwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na kukiweka sambamba na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, inataka mgonjwa aelezwe aina za matibabu zilizopo pamoja na faida, hatari, gharama na matokeo ya kila moja, na inataka maelezo hayo yatolewe, inapowezekana, katika lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Maneno "inapowezekana" yasiwe kichaka cha kujifichia. Katika nchi ambayo kila mwanafunzi wa shule ya msingi na ya upili hufundishwa Kiswahili, kumweleza Mkenya kwa Kiswahili kunawezekana.

Wengine watasema kwamba daktari hana muda. Jibu langu ni kwamba fomu huandikwa mara moja ikatumiwa miaka na miaka. Wengine watasema kwamba fomu ya Kiswahili itakuwa ndefu na isiyo na uhakika wa kisayansi. Nitaandika hapa aya moja, msomaji apime mwenyewe:

"Baada ya tumbo lako kukatwa kwa njia hii, asidi inaweza kupanda kutoka tumboni hadi kwenye umio, yaani mrija wa chakula ulio kifuani. Takriban mtu mmoja kati ya watatu ambao hawakuwa na tatizo hili hulipata. Unaweza kuhisi kiungulia, uchachu mdomoni au kikohozi cha usiku, au usihisi lolote. Huenda ukahitaji dawa kwa muda mrefu, na watu wachache huhitaji kupasuliwa tena. Utahitaji kuangaliwa umio kwa kamera hata ukiwa mzima. Ikiwa una kiungulia sasa, mwambie daktari kabla ya kutia sahihi, kwa maana upasuaji wa aina nyingine huenda ukakufaa zaidi."

Aya hiyo haikuhitaji istilahi hata moja ya kigeni isipokuwa asidi na kamera, maneno ambayo hata mtoto wa shule anayajua. Kwa mambo magumu zaidi tunazo kazi za wataalamu, kama vile Kamusi ya Tiba iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka 2003. Tatizo letu si uhaba wa msamiati. Tatizo ni kwamba vitabu hivyo vimekaa katika rafu za idara za Kiswahili, na waliotungiwa wako wodini.

Basi wajibu umegawanyika. Hospitali zitafsiri fomu zao, na tafsiri hizo zipitiwe na daktari na mtaalamu wa lugha wakiwa wameketi meza moja. Vyuo vinavyowafunza madaktari viwatahini wanafunzi katika kumweleza mgonjwa kwa Kiswahili, jinsi wanavyowatahini katika kupima mapigo ya moyo. Walimu wa Kiswahili nao waache kuwapa wanafunzi insha za mada zilezile kila muhula. Wawape karatasi ya maelezo ya dawa na kuwaambia waitafsiri ili nyanya zao waielewe. Mwanafunzi wa chuo anayetafuta mada ya tasnifu aende akasikilize mazungumzo ya daktari na mgonjwa, kwa idhini yao, aone ni wapi maana humwagika njiani.

Naye anayefikiria kupasuliwa asione haya kuuliza. Aulize: Ni aina gani ya upasuaji, na kwa nini si ile nyingine? Nina kiungulia au ngiri ya kiwambo, na je, umio wangu utaangaliwa kabla? Nikianza kucheua nitatibiwaje, na nani atagharamia? Aliyekwisha kupasuliwa na akawa na tatizo hili asijifiche nyumbani na magadi. Ale kidogokidogo, asilale kabla ya saa mbili au tatu kupita baada ya mlo, ainue upande wa kichwani wa kitanda, na zaidi ya yote arudi kwa daktari, kwa kuwa dawa zipo na marekebisho yapo. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua.

Shemeji yangu sasa anatumia dawa na analala kitandani, akiwa ameinua mito, huku akisubiri uamuzi wa iwapo atapasuliwa tena. Hajutii kupungua, kwa maana magoti yake yamepona na kisukari kimetulia. Anachosema ni kwamba angetaka kuulizwa. Hospitali yenye uwezo wa kununua mitambo ya kupasua kwa kupitia vitundu vidogo haiwezi kukosa fedha za kumlipa mfasiri wa kurasa chache. Fomu hizo ziandikwe upya, na zianze na swali hili kwa Kiswahili: je, una kiungulia?